Kitufe Hakina Uso

Ujumbe umeingia na tabasamu:
"Mpendwa Vlasta, tumekuboreshea huduma."
Yaani korona sitini zaidi kila mwezi,
na tangazo la sabuni katikati ya mauaji.

Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba ni chao.

Miaka thelathini nilikagua tiketi kwenye tramu za Brno.
Nauli ikipanda korona moja
nilitukanwa mimi, uso kwa uso;
mmoja alinirushia kofia yenye theluji.

Leo nimtukane nani?
Nabonyeza "Sitisha". Kinauliza: una uhakika?
Nabonyeza. Kinauliza tena, kipole, kama mchumba.

Zbyněk, jirani, anagonga ukuta:
"Usifute! Nimebakiza vipindi viwili!"
Nywila nilimpa mimi, bure.

Ndipo nikaikumbuka vizuri ile kofia.