Ladha Tano Zilizobaki

Nilikwenda kwake kifua kikiniwaka,
Jumanne, nimetoka zamu ya usiku,
majivu ya makapi ya miwa bado kwenye nyusi.
Mama Kokila alikuwa barazani, Lugazi, nyuma ya duka la vipuri,
akichambua dengu. Hakuniuliza jina.
Aliuliza: unakula saa ngapi?

Miaka kumi na mmoja nakoka tanuru la kiwanda cha sukari
na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza saa.
Nikasema: saa nane usiku, chapati na mayai,
chai vijiko sita, na alfajiri kiporo,
nimesimama.
Unakula na nani?
Nikaziangalia dengu.

Akanishika mkono, vidole vitatu juu ya mshipa,
kama mtu anayesikiliza ukutani mambo ya jirani.
Hapa ni upepo, alisema, hutambaa kama nyoka.
Hapa ni moto, huruka kama chura.
Hapa maji na udongo, huenda kama bata maringo,
ndege ambaye mimi sijawahi kumwona.
Akafikiri. Basi, kama korongo wenu wa taji
akivuka jaruba la mpunga, hana haraka na mtu.
Kila mwili unao wote watatu.
Ugonjwa ni mmoja kupiga kelele nyumba nzima.
Wako ni chura.

Nilicheka. Kiungulia kikanikatiza.

Lakini la jiko nililielewa kabla hajamaliza.
Tumbo ni jiko, alisema, na mimi nikajua:
ukilisha makapi mabichi, unavuna moshi;
ukijaza juu ya yale ambayo hayajaungua, moto unakabwa,
na chini hubaki masizi mazito, yanata kwenye mabomba,
tunayakwangua kwa nondo kila Jumapili.
Yako anayakwangua nani?

Akaleta sinia. Ladha ni sita, onja.
Tamu aliiruka: hiyo unayo hadi kwenye soksi.
Ndimu. Chumvi ya mawe kutoka Katwe.
Tangawizi, chembe tu, maana chura hapendi.
Ganda la komamanga: ukakasi,
ulimi ukajikunja kama jani la mgomba juani.
Mwisho akachuma jani kwenye mti wa uani
na kabla halijafika mdomoni nililijua.

Mwarobaini.
Hapo nilifika Arua bila nauli.
Bibi yangu Ezatiru amenibana pua,
kikombe cha bati, maji ya kijani,
naye anaitukana homa kwa Kilugbara
kama anamtukana mwizi wa kuku.
Nilimweleza Mama Kokila. Akasema bibi yake,
ng'ambo, kwa jani hilohilo,
naye alimbana pua vivyo hivyo.
Tukanyamaza, watoto wawili wenye pua zilizobanwa.

Nikapewa mbegu za giligilani za kuloweka usiku,
maji yake ninywe asubuhi, nimekaa.
Pilipili niipumzishe. Na mlo mkubwa uwe adhuhuri,
jua likiwa utosini, ndipo jiko la ndani huwaka vizuri.
Adhuhuri mimi nimelala, nikamwambia.
Akatazama makopo yake, moja moja, hadi la mwisho.
Hakuna mzizi wa zamu ya usiku.
Na nilipotaja kikohozi cha binti yangu Avako,
wiki ya tatu sasa, damu kidogo kwenye kitambaa,
aliufunika mkoba wake.
Huyo mpeleke hospitali. Leo. Usipitie nyumbani kunywa chai.
Hata mti unajua mpaka wake.

Nilimpeleka. Anameza vidonge, mwezi wa nne,
ameanza tena kugombana na kaka yake, tunashukuru.

Mimi bado nakula saa nane usiku,
lakini nakula nimekaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na Wandera wa mizani, ndizi za kuchemsha kwenye jani,
nusu yake, nusu yangu.
Chura hulala siku nyingine. Siku nyingine haambiliki.
Nyuma yetu sukari inachemka, tani juu ya tani,
usiku mzima ladha moja.
Natoa jani mfukoni, natafuna polepole.
Wandera anauliza, chungu?
Chungu, namwambia.
Ananyoosha mkono.