Joto la Heldur

Chumba cha mizani, Tartu, chini ya ardhi,
mwezi wa Januari. Theluji imeziba vidirisha,
humu ndani nyuzi ishirini nukta sifuri tatu.
Viatu tunavua mlangoni. Pumzi tunatolea kando.

Daftari za Heldur ziko rafuni, kumi na tisa,
wino wa buluu, kila saba imefungwa mkanda kiunoni.
Jiwe la shaba la wafamasia alilipima mara mia nne,
mara mia nne likajibu lile lile,
likipishana na nafsi yake kwa unywele.
Tukamsifu: mkono hautetemeki.
Tukaandika cheti, tukapiga muhuri.

Ndipo Helsinki wakaleta barua ya adabu:
jiwe lenu, kwetu, ni jepesi
kwa mikrogramu kumi na nne.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya huyu ilikuwa ndefu, miaka kumi na tisa,
maana hakujikanyaga hata siku moja.
Kosa la bahati hutangatanga, leo juu, kesho chini;
ukilirudia huchoka, likajifuta.
Hili lilikuwa na kiti chake.
Mara mia nne, na shahidi ni yule yule mmoja.

Nilikagua hewa, sumaku, vumbi, vyuma vya dari.
Nilishuku lifti.
Nilishuku hata tramu, na mji huu hauna tramu.
Mwezi wa tatu nikaacha tarakimu, nikasoma mpangilio:
kwanza jiwe la rejea, halafu jiwe geni.
Siku zote. Kwanza la rejea, halafu geni.
Na kati yao robo saa ya mtu kuketi,
mtu mnene, sweta mbili, mpenda kuegemea,
bega la kulia likigusa kioo,
na mkono wa mizani, upande ule, ukiota joto lake,
ukirefuka kwa kiasi ambacho jicho halina haki nacho.

Nikageuza: geni kwanza.
Kosa likavuka sifuri, likakaa ng'ambo.
Nikacheka peke yangu chini ya ardhi,
kisha nikaacha kucheka.

Mjane wake, Bi Maimu, aliniuliza kwenye foleni ya mkate
kama kazi ya marehemu ilikuwa mbovu.
La, nikamwambia, alipima vizuri mno:
alipima jiwe, na yeye mwenyewe ndani yake.
Akafikiri. Akasema, hata nyumbani alikuwa jiko,
paka hakulala kwingine.

Leo naandika marekebisho, kwa penseli kwanza:
toa kumi na tatu. Shaka: tatu, huku na huku.
Tatu hiyo siipunguzi ili ukurasa upendeze.
Sijui siku zipi alikuwa na homa,
siku zipi alivua sweta ya juu,
wala kilichompata Novemba ile
ambayo saba zake hazina mkanda.

Halafu nasogeza kiti nyuma, mita nzima.
Nami nina bega.