Betri Haikuwa na Kosa

Taa ndogo nyekundu iliwaka Jumanne, pale Kibena,
umbo la betri na pembe zake mbili,
kama mbuzi aliyechorwa na mtoto.
Kufika Chaugingi taa za mbele zilikuwa njano ya ugoro,
ukungu unaziramba,
nami naendesha kwa kukumbuka barabara.

Fundi Ngailo alisema: betri.
Nikanunua betri.
Wiki mbili tu, asubuhi ya Julai, nyasi nyeupe kwa jalidi,
nageuza ufunguo: tk, tk, tk,
kuku anadonoa sahani tupu.
Fundi Ngailo akasema: betri za siku hizi feki, mwalimu.
Nikanunua nyingine.

Sikuwa mjinga. Nilikuwa na haraka,
na haraka hulipa mara mbili bila kudai risiti.

Ni Lukelo, wa darasa la sita, mikono kwapani,
aliyeuliza: "Mama, kwani betri inapata wapi umeme?"
Nikasimama na kikombe changu.
Kihenge hakioti mahindi.
Nimekuwa nabadilisha kihenge,
na shamba limekufa.

Jumapili, baada ya ibada, nikavaa koti la mvua la baba yake.
Oltaneta ya mtumba imetoka Makambako kwenye gunia la viazi,
elfu tisini, baada ya kubishana hadi chai ikapoa.
Waya hasi kwanza, spana namba kumi.
Lukelo anapiga picha njia ya mkanda,
pembe hii, na pembe ile, na kidole chake kimo katika zote.

Bolti ya juu ilikubali.
Ya chini ilikuwa na kiburi cha miaka kumi na saba.
Nikaimwagia oili, nikaisubiri, nikaitukana kwa Kibena
ili gari la Kijapani lisielewe.
Nikavika spana bomba la maji, nikaning'inia.
Ikalia kama mlango wa kanisa,
na ngozi ya vidole viwili ikabaki kwenye rejeta.

Mama Tweve akachungulia juu ya ua wa mianzi.
"Kamwene. Mzee hayupo?"
Yuko Mafinga, anapasua mbao, anajua.
"Si ungemsubiri?"
Sikumjibu.
Mdomoni nilikuwa nimeshika nati.

Ile ya zamani ikatoka,
nzito kuliko nilivyodhani, uzito wa mtoto wa miezi mitatu,
na bila kutaka nikaipakata.
Makaa yake mawili yamelika, yamebaki kama kucha.
Ilikuwa imezunguka muda wote huo, mkanda unaikimbiza,
kwa nje hakuna kilichobadilika.

Eusta, mdogo wangu.
Miaka miwili tulimwambia lala, kula, punguza mawazo,
tukamletea ndizi, tukamletea maombi, tukamletea blanketi.
Wiki moja anawaka. Wiki ya pili, tk, tk.
Tukasema: huyu naye hatunzi anachopewa.

Nikafuta mikono.
Mpya ikaingia kwa kusukumwa na goti,
mkanda nikauvuta kwa mpini wa jembe,
nikaubonyeza kwa dole gumba, ukabonyea kidogo, ukakataa zaidi.
Hasi mwisho.

"Washa," nikamwambia mtoto, mara ya kwanza maishani mwake.
Akawasha kama anayemgusa nyoka.
Yule mbuzi mwekundu akatokea, akatuangalia,
akazimika.
Mita ikasoma kumi na mbili, kumi na tatu,
Lukelo anatangaza kama matokeo ya uchaguzi:
"Kumi na nne nukta mbili! Mama! Nukta mbili!"

Bolti moja imebaki. Sijui ni ya wapi.
Tumeshapekua picha zote, ni vidole vitupu.
Nimeiweka kwenye kisahani cha majivu,
inagonga-gonga kila penye tuta
njia nzima ya Wanging'ombe, kwa Eusta,
taa zimewaka mchana kweupe,
na safari hii sijabeba ndizi.