Fundi wa Feni, Mwezi Machi

Kalenda ya duka la dawa inasema kiangazi kimekwisha
tangu Alhamisi.
Kipimajoto kilichotundikwa pembeni yake, ukuta uleule,
kinasema thelathini na tisa.
Hawasemezani.

Hapa Pilar kaskazi inavuma siku ya kumi na moja.
Wauza chipa wamechoka hata kutaja bei,
mbwa wamelala chali kwenye vigae vya benki
na mlinzi amewaacha,
na jana majirani wawili walishikana mashati
wakigombea kivuli cha lori ambalo si lao.

Mwalimu Obdulia amechora ubaoni mti wa majira haya:
majani mekundu, mengine ya njano,
mengine yamelala chini.
Binti yangu Liduvina akarudi na swali:
Baba, mti ule unaumwa nini?
Tukatoka uani tukautazama mchungwa wetu.
Kijani kibichi. Hauna habari.

Mimi sitadanganya, joto ndilo linalonilisha.
Rafu zangu zina feni ishirini na sita, kila moja na kikaratasi:
ya kinyozi, inayogeuza kichwa upande mmoja tu
kama mtu aliyemwona anayemdai;
ya kanisa, iliyotafuna ukurasa wa tenzi;
na ya Ña Eudosia, chuma kitupu,
nzito kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Aliileta Februari, akasema,
Usiiharakishe, Crispín. Ila usinicheleweshe.

Ijumaa, saa nane za usiku, mlango wa karakana ukajigonga.
Si mwizi.
Kusi.
Mabati yakaanza kulia, ti, ti, ti, yakijikunja,
na nikausikia mtaa mzima ukifungua madirisha,
kisha, haijapita nusu saa,
mtaa mzima ukiyafunga.

Asubuhi tulinuka naftalini sote.
Pembe ya ng'ombe tunayonywea mate ya barafu
ikapanda kabatini, kibuyu kikashuka,
na Nimia akabandika birika
mara ya kwanza tangu Oktoba.
Niliunguza ulimi. Nilikuwa nimesahau
kwamba kinywaji nacho kina haki ya kusubiriwa.

Dukani hakuja mtu.
Feni ishirini na sita zikinitazama
kwa macho yao ya waya.
Nikapiga hesabu, nikaifuta, nikaipiga tena.

Karibu na mchana akaingia Ña Eudosia,
ndani ya koti la marehemu mumewe,
mikono imemezwa na mikono ya koti.
Nimefuata feni yangu.
Baridi hii?
Hii? Hii ni mgeni, akasema, akinyoosha vidole viwili.
Iwashe niisikie.

Basi nikaiwasha. Tukasimama mbele yake, mimi na sweta,
yeye na koti, tukipigwa upepo juu ya upepo.
Akafumba macho.
Bado inagonga, nikakiri, ni shafti,
niachie hadi Jumatatu nitaibadilisha.
Hapana. Iache igonge.
Nimezoea kulala na kitu kinachokoroma.

Akalipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Nilimbebea hadi kona. Kutoka pale alikataa.

Siku ya tatu, hata jembe hatujalitoa pembeni,
mgeni akawa ameondoka bila kuaga.
Kipimajoto: thelathini na sita.
Saa tatu asubuhi foleni imefika kwa fundi viatu,
kinyozi mbele kabisa, ananiita ndugu,
na mimi natoa jasho, natoa risiti,
nashindwa kujua nilichokuwa nikikitaka.

Liduvina akapenya kati ya miguu ya wateja.
Ameshika jani moja la mchungwa,
njano hadi kwenye kikonyo,
amelibeba kwa viganja vyote viwili
lisije likamwagika.

Baba, ananong'ona, umeanza.