Lumbesa

Gunia la mahindi Kibaigwa lina shingo na kilemba.
Shingo ni pale mkulima anapodhani limejaa.
Kilemba ni pale mnunuzi anaposema, bado,
na kijana wa kupakia anapanda juu, anashindilia kwa magoti, anaongeza debe, anaongeza nusu debe, anashona kwa kamba ya katani mpaka gunia linavimba kama mjamzito wa mapacha, na bado jina lake ni gunia moja, bei yake ya gunia moja.

Mimi nilikuwa nikishona.
Sindano ya gunia ilinilisha miaka sita.

Mwaka ambao mvua ziliaga mapema
Yoramu wa Pandambili alileta magunia kumi
akalipwa kumi.
Mikono yangu ilijua ni kumi na matatu.
Nilimtazama akikunja noti ndani ya soksi,
sikusema kitu.
Mshono ulikuwa mia mbili.

VIKOBA wakanikopesha laki tano na themanini.
"Perisi, unafungua genge?"
"Nanunua mizani."
Walicheka mpaka chai ikapoa.

Nikaiweka kabla ya geti la soko, upande wa lami,
muhuri wa Vipimo ukiwa bado unang'aa,
nikaandika kwa mkaa kwenye ubao:
PIMA KWANZA. GUNIA SH. 300. KARATASI BURE.

Siku tisa nilijipima mwenyewe tu.
Siku ya kwanza, kilo hamsini na nne.
Siku ya tisa, hamsini na mbili.

Ndipo akaja Damari wa Hogoro.
Sindano, hii ya pili maishani mwangu,
ikasimama kwenye mia thelathini na nne.
Akaniomba nisome tena. Na tena.
Halafu akainama, akaanza kufumua mshono kwa meno.

Masinga dalali alikuja jioni, na adabu zake, na soda.
"Mbukwenyi."
Alitaka kuikodi mizani msimu mzima.
Si kuipeleka popote. Kuifunika tu.
Akahesabu laki saba juu ya ubao wangu.

Nilikuwa na rejesho, nilikuwa na ada ya Nyemo.
Nilipokea.
Usinitazame hivyo.

Mizani ililala chini ya turubai msimu wote,
ahadi ni ahadi.
Jumatatu nilidandia lori la mkaa hadi Dodoma mjini
nikarudi na nyingine.
"Hii," nilimwambia Masinga, "hujaikodi."

Kijana wa mradi, viatu vyeupe,
akauliza kama hii ni huduma au biashara.
Nikamwambia apande. Sabini na moja.
"Mia tatu."
Akatoa, akingoja jibu.
Ningepima bure, mwanangu,
Masinga angeninunua kwa ile soda.

Mwalimu wa sekondari ya kata ananiambia
mashairi nayo yana mizani:
ukizidisha silabi, mstari umeharibika.
Nilifurahi sana.
Kumbe lumbesa ni kosa hata huko.

Sasa mizani ni tatu. Ya Pandambili anaisimamia Yoramu,
na hukaa nayo kama mtu anayelinda mgonjwa.
Wanunuzi hawajashindwa: wanabana bei ya kilo,
wanasema mahindi yana unyevu, yana vumbi, yana nini.
Sawa. Hayo tunabishana kwa mdomo,
na mdomo kila mtu anao.

Soko likifungwa, watoto hupanda mmoja mmoja.
Hao siwatozi.
Nawaandika nyuma ya daftari la stakabadhi:
kitinda mimba wa Yoramu, Mei, kumi na nne.
Agosti, kumi na sita na robo.
Anaruka ili sindano icheze.
Tulia, namwambia.
Tulia nisome.