Tundu la Msumari

Arvid Pelkonen anataka jani.
"La vidole saba," anasema, "kijani kibichi,
mtu alione toka barabara kuu hata theluji ikimwagika."
Namwambia: Arvid, kila duka la bangi toka hapa hadi Detroit
lina jani. Tundika lako
uwe punje moja kwenye gunia la mchele.
Kizuri chajiuza. Jani linajitembeza.

Nimeshachora kumi na mbili.
Mnara wa mgodi: umefanana na mti wa kunyongea.
Sururu zilizopishana: chama cha siasa.
Taa ya kofia: "Duka la balbu," kasema mkewe,
na hakukosea.

Jumanne akaja Lempi, shangazi yake,
yule anayenunua hapa hapa dawa ya kuchua magoti.
Kaleta kopo la kahawa. Ndani, vifungo, pini,
jino la dhahabu la nani sijui,
na kipande cha shaba, duara, kama kiganja cha mtoto.
417. Juu yake, tundu.

"Ukishuka, unakitoa msumarini.
Ukipanda, unakirudisha.
Jioni karani anahesabu misumari mitupu."
Hiki hakikurudi msumarini.
Kilirudi nyumbani mfukoni mwa suruali,
na suruali ililetwa na watu wanne.

Arvid akapiga paja. "Ndiyo hiyo! Mia nne na kumi na saba!
Tuichape kwenye mitungi, kwenye fulana, kwenye viberiti!"
Shangazi hakujibu. Alikuwa anatafuta miwani
iliyokuwa usoni mwake.

Usiku nikakilaza kwenye skana.
Mikwaruzo ikawa mito kwenye kioo.
Nikafuta nne. Nikafuta moja.
Saba ilinikawiza: mkia umepinda,
siku ile nyundo ilimteleza fundi.
Nikaifuta.
Likabaki duara, na tundu,
na rangi ya shaba iliyonyeshewa miaka,
kijani kisichodaiwa na jani lolote.

"Jani liko wapi?"
"Tazama rangi."
"Na namba?"
Lempi akakiokota kipande mezani,
akakirudisha kati ya vifungo, akakaza kifuniko.
"Namba ina mwenyewe."

Ijumaa fundi wa bango akapanda ngazi,
mdomo umejaa mvuke.
Akauliza tundu hili la nini.
"La msumari," nikajibu, nikimaanisha mchoro.
Akapapasa mfukoni, akatoa msumari wa kweli,
akaugongelea.

Hakuna aliyemzuia.