Kipande cha Arubaini na Saba

Ninavyo arubaini na sita.
Vimelala ndani ya sanduku la bati, uvunguni,
baina yake karatasi za khaki na punje za karafuu,
mende wasije wakavisoma kabla yangu.

Si magazeti. Magazeti kila mtu alikuwa nayo,
yakafungiwa mbatata, yakafutiwa vioo.
Mimi natafuta karatasi zenyewe, zile ngumu,
zilizopita chini ya mkono wa Mbarawa Shoka
chumbani kwake Kikwajuni, kandili ikitoa moshi,
akimchora Inspekta Fumu
mwenye kofia ya kiua na viatu visivyolia.

Gazetini Inspekta ni mweusi na mweupe, hana shaka.
Kwenye karatasi ana penseli chini ya ngozi:
pua tatu zilizokataliwa,
jicho lililohamishwa,
rangi nyeupe palipokuwa na bastola
(mhariri aliiogopa, Inspekta akapewa mwavuli).
Na pembeni, mwandiko wa haraka:
*Sukari ratili moja. Mkaa. Dawa ya Biubwa.*
Hapo ndipo ninapokaa mimi. Pembeni.

Mke wangu husema, mtu mzima wewe,
pesa za paa unanunulia katuni.
Kweli. Cha tisa kilikula redio.
Cha thelathini nilikikuta Wete kimefunikia mtungi;
mwenyewe akanambia, lete mfuniko kwanza.

Kikabaki kimoja.
Tajiri wa mbata amekufa ghalani,
mlango umekomewa kwa ndani,
na watuhumiwa wanne wamekaa barazani kungoja kutajwa
tangu Jumanne ile gazeti lilipofungwa.
Miaka yote hiyo, hata chai hawajapewa.

Biubwa nilimpata Chake, Tibirinzi, anashona.
Miwani yake ilivunjika mkono, ameifunga uzi.
Kazi yangu ni miwani. Nikaitengeneza kabla sijasema shida yangu,
na pesa nikakataa.
Akavuta mtoto wa meza ya cherehani,
akatoa.

Visanduku vinne.
Inspekta anavua kofia.
Inspekta anawageukia wanne.
Kidole kimeinuka.
Cha nne kitupu.

Nikakiinua dirishani, nikavaa lenzi ya kazini,
nikatafuta penseli chini ya weupe.
Hapana rangi. Hapana mkwaruzo.
Pembeni tu: *Muulize Biubwa, nani?*

"Kila Jumatatu usiku aliniuliza," akasema.
"Mimi ndiye niliyekuwa nikimchagua mwizi, mchawi, muuaji.
Nilikuwa na miaka saba, sikuwa na huruma hata kidogo.
Usiku ule nina homa. Nikalala."

"Na sasa?" nikauliza,
sauti imenitoka kama ya mtoto aliyenyimwa sukari guru.

Akakata uzi kwa meno.
Akawatazama wale wanne kupitia miwani yangu,
mmoja mmoja, bila haraka.
"Sasa nimezeeka," akasema. "Nawajua wote."

Akakirudisha kwenye mtoto wa meza.
Bei sikuuliza.